Wataalamu Saba, Sahani Tatu

Siku ile niliosha sahani tatu. Naanza na sahani kwa sababu baadaye watu walitaka kunichanganya, wakasema bibi umri umekwenda, huenda hukumbuki vizuri. Umri umekwenda kweli. Lakini mtu aliyekula kwangu namkumbuka: alikaa wapi, aliomba pilipili au hakuomba, alishukuru au aliondoka anajichokonoa meno kama yuko hotelini. Walikula watu watatu. Karatasi yao ilisema walikuja saba.

Mtaa wetu uko pembeni ya mji, unaipita Buzuruga, unaendelea, halafu unateremka kuelekea ziwani. Nyumba zimekaa katikati ya mawe, kila mtu kajenga pale jiwe lilipomruhusu. Ziwa tunaliona kutoka mlangoni lakini maji yake hatuyanywi. Watoto wetu wamekojoa damu vya kutosha kwa sababu ya maji yale. Bomba lipo, na siku likiamua kutoa tunashukuru. Maji ya kunywa tunachota kwenye chemchemi iliyo chini ya jiwe kubwa, bondeni, kati ya barabara na ufukwe.

Chemchemi hiyo lazima niieleze vizuri, maana ndiyo iliyoleta maneno yote. Nilipoolewa huku niliikuta imezungushiwa minyaa. Mama mkwe wangu na wenzake waliipanda duara zima, kwa sababu ng'ombe walikuwa wakishuka ziwani kunywa wanapitia pale, wanakanyaga na kunya humo humo. Ng'ombe hagusi mnyaa, utomvu wake unaunguza. Mlango waliuacha upande wa nyuma, kwenye upenyo wa mawe mawili. Ukifika unavua viatu, unaingia kwa ubavu, unainama. Kiangazi, wote wakishachota asubuhi, tunaifunika kwa jiwe bapa ili maji yajikusanye na pimbi wasiingie kuchafua. Kwa hiyo ukipita barabarani mchana wa kiangazi utaona duara la minyaa, basi. Mtu wa huku akiona minyaa imezunguka anauliza imezunguka nini. Asiye wa huku anapita zake.

Sasa mfanyabiashara mmoja akanunua eneo lililo juu ya bonde, akataka kujenga kiwanda cha kusaga dagaa kuwa chakula cha kuku. Sikuwa na ugomvi na kiwanda. Dagaa nimeanika juu ya mawe haya miaka mingi, harufu yake siiogopi, na wajukuu zetu wanahitaji kazi. Nilikuwa na swali moja tu: yale maji ya kuoshea, yenye mafuta na uozo, yatakwenda wapi?

Mwenyekiti wa mtaa akatueleza kwamba iko sheria. Kabla ya kiwanda kujengwa lazima waje wataalamu washauri wa mazingira, wapime, wasikilize watu, waandike ripoti, ofisi ya mazingira iisome, ndipo itoe kibali. Nikasema vizuri. Waje.

Mwenyekiti huyo nimembeba mgongoni mwangu, mama yake akiwa shambani. Mke wake anauza nguo Mabatini, mchana hayupo nyumbani, kwa hiyo wageni wa ofisi ya mtaa huwa wanakula kwangu. Nimeshawapikia wa sensa, wa chanjo ya mifugo, wa vyandarua. Akaja kuniambia, "Mama, kesho kuna wageni wakubwa. Wamesoma hao."

"Wangapi?"

"Sijui hesabu yao. Pika tu."

Nikapika ugali wa kutosha kikosi cha jeshi. Wakashuka watatu.

Wa kwanza alivaa kofia nyeupe na kikoti chenye mifuko kila mahali. "Shikamoo, bibi," akasema. Nikaitikia marahaba. Nilingoja aniambie anatoka kwa nani, wazazi wake wazima, njia ilikuwaje. Badala yake akasimama wima barazani kwangu akaanza. Yeye ndiye kiongozi wa timu. Ana shahada ya kwanza ya sayansi ya mazingira. Ana shahada ya uzamili ya usimamizi wa mazingira. Amesajiliwa. Ana cheti cha mafunzo aliyoyapata nje ya nchi. Ana uzoefu wa madini, barabara, minara ya simu. Samaki wananitazama kwenye sinia, mchuzi unaganda.

"Karibu," nikamwambia. "Nawa mikono."

Wa pili alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kidude cha kupimia mahali, kama simu nene. Na yeye akakohoa kidogo akaanza, "Mimi kwa upande wangu, nina shahada ya..."

"Utasema ukishakula."

Wa tatu hakushuka, alibaki kwenye usukani. Nikauliza, "Yule hali?"

"Yule ni dereva, bibi."

"Dereva hana tumbo?"

Akaitwa, akaja, mtu mzima mwenye mvi. Aliniamkia kwa adabu kisha akauliza nyumba hii ina miaka mingapi, mawe haya hayateremki mvua ikinyesha? Huyo ndiye mtu pekee aliyeuliza kitu siku ile. Akanywa kikombe cha maji, akakitazama, akaomba kingine.

"Bibi, haya si ya bomba."

"Si ya bomba."

"Wala si ya ziwa."

"Ya ziwa ningekunyang'anya kikombe."

"Sasa yanatoka wapi? Mbona matamu hivi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. "Pale bondeni, kwenye minyaa."

Dereva akasimama akachungulia. "Eti pale?" Akatikisa kichwa. "Mungu kawapa."

Nikaona nitumie nafasi hiyo. Nikamwambia kiongozi wa timu, aliyekuwa anaongea na simu huku anaongea na mimi, "Baba, kuna maji yetu pale chini. Mkimaliza kula nendeni mkayaone."

Akafunika simu kwa kiganja. "Bibi yangu, usiwe na wasiwasi. Suala la maji lina mtaalamu wake kwenye timu. Ana shahada mbili, zote za maji tu. Liko kwenye mikono salama."

Hapa nakiri kosa langu. Nilifikiri mtaalamu huyo angekuja siku yake. Nilitakiwa kumshika huyu mkono wa kikoti, nimvute mpaka chini, aingie kwa ubavu, alowe. Lakini alikuwa ameshaniita mdau mara tatu ndani ya nyumba yangu, nikakasirika, nikaingia jikoni. Nilipotoka nikakuta ameshika fomu ya mahudhurio, anaijaza mwenyewe kwa niaba yangu ili twende haraka.

"Jina nimeandika. Umri nimekadiria. Elimu, bibi?"

"Nilisoma mpaka darasa la nne, shule ya misheni."

Akaandika kitu kifupi. Miwani yangu ilikuwa ndani. Nikatia saini.

Wakaingia kwenye gari, wakapita barabara ya bondeni polepole, wakasimama mara mbili. Niliona mkono umetoka dirishani na simu, ukapiga picha, ukarudi ndani. Hawakukanyaga chini. Nikaosha sahani tatu.

Wiki kadhaa zikapita. Kiangazi kikakaza. Siku moja mwenyekiti akapita nyumba hadi nyumba kutangaza kwamba ripoti imekuja, kesho kutwa kuna mkutano kwenye darasa la shule ya msingi, kiongozi wa timu atatusomea, wananchi waridhie, mtaa ugonge muhuri. Nikamuuliza ripoti yenyewe iko wapi. Akasema anayo, kitabu kinene cha Kiingereza, ila mbele kuna muhtasari wa Kiswahili.

"Lete huo muhtasari."

"Mama, watatusomea."

"Lete nisome mwenyewe."

Mimi nasoma polepole, kidole kwenye mstari. Nasoma Biblia, nasoma kadi za kliniki, nasoma maandishi ya kwenye dawa za mifugo ambayo wengine hawayasomi. Ninachosoma polepole hakinitoki. Kesho yake nikakaa barazani na karatasi zile tangu chai ya asubuhi.

Mwanzo wote ulikuwa wao wenyewe. Jedwali la wataalamu, jina, shahada, usajili, uzoefu, halafu chini maelezo ya kila mmoja, ukurasa kwa ukurasa. Kulikuwa na mtaalamu wa udongo, wa wanyamapori na mimea, wa jamii, wa afya mahali pa kazi. Yule mwembamba wa kidude alikuwemo. Mtaalamu wa maji alikuwemo, mwanamke, na shahada zake mbili kama nilivyoambiwa. Nikahesabu kwa kidole. Saba. Nikarudia. Saba. "Timu ilitembelea eneo la mradi na kufanya uchunguzi wa kina." Dereva hayumo. Nikamtafuta mpaka kwenye shukrani, hayumo.

Habari za mtaa wetu zilianza nilipokuwa nimeshachoka. Kulikuwa na orodha ya waliohojiwa, nikajikuta. Umri wameniongezea. Mbele ya elimu wameandika: hakuna.

Hilo lingeniumiza zaidi kama nisingegeuza ukurasa. Upande wa pili kulikuwa na picha. Duara la minyaa, jiwe kubwa nyuma yake, na pembeni ya jiwe, wazi kabisa, dumu la njano. Chini ya picha pameandikwa: "Zizi la mifugo lisilotumika." Na kwenye ramani, pale pale palipo na zizi lisilotumika, wamechora visanduku viwili vya bluu. "Eneo linalopendekezwa kwa mabwawa ya majitaka ya kiwanda. Eneo hili halina matumizi wala chanzo cha maji."

Nikamwita jirani yangu. Ni mjane kama mimi, tumechota maji pamoja tangu tulipokuwa mabibi harusi. Yeye hasomi, lakini picha haihitaji kusomwa. Akaisogeza puani.

"Hili si dumu langu? Tazama, nimeliziba kwa gunzi la mahindi. Nililiacha kushika foleni."

"Wanasema hapo ni zizi."

"Zizi la nani?"

"La ng'ombe waliohama."

Akanitazama. "Na ng'ombe walipohama walinisahaulia dumu?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha nikamwonyesha visanduku vya bluu, nikamsomea maneno yake, na kicheko kikamkauka. Alinyanyuka akaenda bondeni wakati ule ule, jua likiwa utosini, kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa.

Mimi nikaenda kwa mwenyekiti.

"Mama, watu hawa wamesoma," akaniambia.

"Na mimi nimesoma. Nimesoma ripoti yao. Wewe umeisoma?"

Akaanza kukuna shingo. "Nilikuwa nimefika... nimefika pale pa sifa za timu."

"Ukaridhika."

"Mama, si shahada zote zile! Nikaona hapa hakuna tatizo."

Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote. Si yeye peke yake. Tumekuwa watu wa kusoma sifa za mtu halafu tunafunga kitabu. Mganga akipachika vyeti ukutani hatuulizi aliyetibiwa yuko wapi. Nikamwambia asome mpaka mwisho kabla ya kesho, aangalie watoto wake wanakunywa maji gani. Nikaondoka bila kuaga.

Mkutanoni darasa lilijaa, wengine wakasimama madirishani. Kiongozi wa timu alikuja peke yake na dereva. Aliweka kofia juu ya meza ya mwalimu, akafungua, akaanza kusoma sifa. Alitaka kuzisoma zote saba. Watoto wachanga wakalia, wakanyonyeshwa, wakalala, bado anasoma. Alipofika kwa mtaalamu wa maji nikanyoosha mkono.

"Maswali mwisho, bibi."

"Si swali. Nataka kujua huyu alikula wapi."

Akainua macho kwenye karatasi. "Samahani?"

"Huyu mtaalamu wa maji. Mmeandika alifika akafanya uchunguzi wa kina. Katika mtaa huu mgeni wa ofisi anakula kwangu, mwenyekiti yupo hapa ataniumbua kama nadanganya. Nilipika, mkaja watatu. Wewe hapo, ulikula mkia ukaacha kichwa. Mwenzako mwembamba, hakugusa pilipili. Na dereva yule mlangoni. Mtaalamu wa maji alikula kwa nani?"

Watu wakaanza kucheka. Mtu akapaza sauti kutoka dirishani, "Alifunga huyo! Alikuwa kwenye mfungo!" Kiongozi wa timu akatabasamu kama anamsamehe mtoto.

"Bibi, utaratibu wetu, wataalamu wengine wanafanyia kazi taarifa ofisini. Si lazima kila mtu afike. Tunaleta taarifa, tunaleta picha, mtaalamu anazichambua."

"Basi alichambua picha hii?" Nikaiinua. "Jirani, simama."

Jirani yangu akasimama. Haongei mikutanoni. "Hilo dumu ni langu," akasema. "Nilikuwa nachota."

"Unachota wapi, mama?" kiongozi wa timu akauliza.

"Humo kwenye zizi lako."

Kelele ilizuka hata kichwa changu kikauma. Yule bwana alipekua karatasi, akapekua, akasema kwamba siku ile timu haikuona maji. Nikamwambia haikuona kwa sababu haikushuka kwenye gari. Akasema kuna uzio wa mimea. Nikamwambia uzio ni wetu, tumeuweka ili ng'ombe wasiingie, na kwa kweli umewazuia. Watu wakacheka tena, na mimi sikuwa nimekusudia kuchekesha, nilikuwa nimekasirika. Akasema, sasa kwa sauti ya ukali kidogo, "Bibi, kwa heshima zote, hayo ni maoni ya mwananchi. Timu hii ina sifa za kitaaluma."

Nikakaa. Nilimtazama mwenyekiti.

Muhuri ulikuwa mfukoni mwake, nilijua, maana kila dakika alikuwa anaupapasa. Ukigongwa, karatasi zinakwenda ofisi ya mazingira kusema mtaa umeridhia kwamba pale hakuna kitu. Alisimama. Akasema kwamba yeye ameoshwa kwa maji yale siku aliyozaliwa. Akasema ripoti ameisoma, sasa ameisoma yote, na hagongi. Huyo mwenye shahada za maji aje mwenyewe.

"Mtachelewesha mradi," kiongozi wa timu akasema.

"Aje ale kwa mama," mwenyekiti akamjibu. "Halafu tutaongea."

Nje, wakati watu wanatawanyika, dereva alinisogelea. "Bibi, mimi niliwaambia njiani. Niliwaambia yule bibi ana maji pale." Nilimwamini. Lakini yeye hana ukurasa kwenye kile kitabu.

Mtaalamu wa maji alikuja kabla mvua za vuli hazijaanza. Dereva yule yule alimleta. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Akashuka, dada wa makamo, viatu vya kutembelea kweli, vimechakaa. Akapiga goti kidogo kuniamkia, akasema kwao ni Ukerewe, mama yake yu mzima, baba alishafariki. Nikampa kigoda. Sikumpa kwanza chakula.

"Wewe ndiye mwenye shahada mbili za maji?"

"Ndiyo, mama."

"Ulichambua picha ya dumu?"

Akainamisha macho. Akaniambia kwamba picha hakuwahi kuiona. Ripoti hakuwahi kuiona. Aliwahi kufanya kazi na ofisi ile zamani, wakabaki na wasifu wake na nakala za vyeti, wakaviweka humo, kama wengi wanavyofanya, kwa sababu ofisi ya mazingira inataka kuona timu iliyokamilika. Alijua jambo hili alipopigiwa simu kwamba wananchi wanamtaka.

"Kwa hiyo jina lako lilikuja huku bila wewe."

"Ndiyo, mama."

"Na hukukasirika?"

"Nilikasirika."

"Ukasema nini?"

Kisha akasema, "Nikasema nitakuja."

Basi, nikaona hapo tunaweza kuanzia. Nikamwambia avue viatu.

Jirani yangu alikuwa ametutangulia, ameshafunua jiwe bapa. Dada yule aliingia kwa ubavu kama sisi, akainama, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alipima joto la maji. Alijaza vichupa, akavibandika karatasi. Alipapasa jiwe pale ufa ulipo, akatuuliza maswali mpaka nikachoka kujibu: masika yanapanda mpaka wapi, yaliwahi kukauka, yanabadilika rangi mvua ya kwanza ikinyesha, nani anayekumbuka kabla yangu. Tena alipanda juu, kwenye eneo la kiwanda, akateremka kwa miguu, akapanda tena, akasema maji yanaingia ardhini kule juu yanapita chini ya mawe yanatokea hapa. Nikamwambia hilo tunalijua, ndiyo maana hatuziki watu upande ule.

Akaacha kuandika. "Mama, rudia hilo."

Nikarudia. Akaliandika.

Mwisho akataka kujua maji yanatoka kwa kasi gani. Akaweka dumu la jirani chini ya ufa, akatoa simu yake ahesabu dakika. Jirani yangu akafumba macho akaanza kusema Baba Yetu. Ndivyo mama mkwe alivyotufundisha: masika dumu linajaa kwa Baba Yetu mbili, kiangazi nne, na ikizidi nne unajua mwaka ni mbaya, mnaanza kuchota kwa zamu. Dada alisikiliza, simu mkononi. Dumu lilijaa jirani yangu akiwa kwenye Baba Yetu ya nne, karibu na amina.

"Hivi ndivyo tunavyopima na sisi," dada akasema.

"Mlifundishwa na nani?"

"Chuoni."

"Mlichelewa," jirani yangu akamwambia, akanyanyua dumu lake.

Alikula kwangu. Alikula kichwa cha samaki, akanyonya mpaka mifupa. Kisha akatoa fomu, akasema anahitaji saini yangu kama mtoa taarifa za chemchemi. Safari hii miwani nilikuwa nimeivaa. Kulikuwa na mahali pa elimu, nikamwambia darasa la nne, nikamwangalia anaandika. Kulikuwa na mahali pengine pameandikwa taaluma. Akasita.

"Hapa niandike nini, mama?"

"Andika nachota hapa."

Akaandika hivyo hivyo.

Muhtasari wa pili ulipokuja, mabwawa ya majitaka yalikuwa yamehamishiwa ng'ambo ya barabara, kwenye mteremko wa upande mwingine, mbali na bonde letu. Palipokuwa zizi pameandikwa chemchemi, na mduara mwekundu kuuzunguka ule wa minyaa, na sharti kwamba asijenge mtu wala asichimbe ndani yake. Mwenyekiti aligonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ya mwalimu ikalia. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Lakini nilikuwa nimeshasoma, kidole kwenye mstari. Imeandikwa kwamba chemchemi hiyo "ilibainishwa na timu ya wataalamu baada ya uchunguzi wa kina". Na mbele, jedwali ni lile lile. Saba. Nikanyoosha mkono.

"Mama," mwenyekiti akasema, nusu anacheka nusu anaomba, "si umepata ulichotaka?"

"Nimepata. Kiongozi ni mmoja, wa kidude wa pili, dada wa maji wa tatu. Hawa wanne waliobaki, wa udongo, wa wanyama, wa jamii, wa afya, wanakuja lini? Nataka kujua nipike nini."

Kiongozi wa timu alikuwa anakusanya karatasi zake. Mwenyekiti akasema tufunge kwa sala, akamwomba mzee mmoja wa kanisa atuongoze, na mzee yule anasali kwa kirefu. Aliposema amina gari lilikuwa limeshawaka.

Kesho yake asubuhi nilishuka bondeni na jirani yangu. Tukavua viatu, tukaingia, tukafunua jiwe. Mvua bado. Niliweka dumu langu chini ya ufa, nikaanza kuhesabu Baba Yetu, na lilijaa nikiwa nimeanza ya tano.

"Zamu," jirani yangu akasema.

"Zamu," nikamjibu, nikapanda kwenda kuwaambia wengine.